Mwaka Niliosimama Nyuma ya Watoto

Tulimzika Ferdinand siku ya Jumanne. Jumatano mchana tulikuwa bado tumekaa kwenye viti vya kukodi mbele ya nyumba yake, sisi wazee wachache tuliobaki, tukinywa chai isiyokwisha, wakati mjukuu wake wa kike alipovuta kigoda na kukaa karibu nami. Anamaliza sekondari mwaka huu. Alitaka kujua mtu afanye nini ili awe mshauri wa wanafunzi, yule anayekaa katika ofisi ya shule na kumwambia mtoto aelekee wapi. Nilimjibu kwa uchovu, maana swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko ninavyoulizwa habari za afya yangu: diploma ya serikali kwanza, kisha miaka mitatu ya graduat, digrii ya kwanza, kisha miwili ya licence, digrii ya pili, katika saikolojia na ualimu, kisha mazoezi ya kazi chini ya mtu mwenye cheti, kisha kazi ya utafiti ya kuandika na kutetea, kisha muhuri, na baada ya muhuri kungoja namba ya serikali. Yeye alikuwa akiandika yote. “Na weye, koko,” akauliza, akiniita babu kama wajukuu wote, “ilikuomba myaka ngapi?” Nikasema kumi na saba. Alidhani natania. Ferdinand angekuwa hai angemweleza vizuri zaidi, kwa sababu mwaka wa kwanza wa ile kumi na saba tuliuishi pamoja katika chumba kimoja, naye alinionya mapema.

Chumba kilikuwa mtaa wa Kabondo, nyuma ya nyumba ya Mama Feruzi, mjane Mwislamu ambaye watu wake walitoka Maniema. Ilikuwa miaka mitatu kabla ya uhuru. Kwenye bahasha mji wetu uliitwa Stanleyville. Nyumbani kwa Mama Feruzi, kama katika kila nyumba ya cité, mitaa ya Waafrika, uliitwa Kisangani. Ferdinand na mimi tulikuwa walimu katika shule mpya ya msingi ya serikali, isiyo ya misheni, ambamo wavulana na wasichana walikaa darasa moja, jambo ambalo watu wengi waliona ni kutafuta matatizo. Tulikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja yenye mguu mfupi uliowekewa kipande cha tofali, na dirisha dogo lililotazama jikoni. Kupitia dirisha hilo tuliingiziwa moshi, harufu ya samaki, na mazungumzo yote ya wanawake wa kiwanja kile. Tulijua nani ameposwa na nani amerudishwa kwao kabla ya wenyewe kutangaza. Asubuhi tulikunywa chai na mkate wa jana. Mchana ilikuwa lituma, zile ndizi zilizochemshwa na kupondwa na mawese, pamoja na samaki wa mto. Jioni Mama Feruzi akiwa na furaha tulipata wali na sombe ya majani ya muhogo, na asipokuwa na furaha tulipata maharagi. Mwaka ule tulikula maharagi mengi.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na tayari nilikuwa nimechoka. Nikikumbuka sasa naona aibu kidogo, kwa sababu sikujua bado kuchoka ni kitu gani. Nilifundisha darasa la sita asubuhi, na mchana, wenzangu walipokwenda kulala au kucheza mpira, nilibaki shuleni na Mademoiselle Claes. Huyu alikuwa Mbelgiji wa miaka kama arobaini, mrefu, mwenye shingo iliyokuwa nyekundu siku zote kwa ajili ya joto. Serikali ilimtuma azunguke shule za mji, awapime watoto waliokuwa wanamaliza msingi, halafu atoe shauri kwa maandishi: huyu aende sekondari, huyu aende shule ya ufundi, huyu arudi kwao. Shauri hilo liliitwa avis, na kazi yenyewe iliitwa orientation. Alihitaji mtu wa kumfasiria maagizo kwa Kiswahili na Lingala, na Direkta, mkuu wa shule yetu, akanitaja mimi kwa kuwa niliandika Kifaransa bila makosa mengi. Sikuwahi kuona kazi ya namna ile. Katika maisha yangu yote ya shule hakuna mtu aliyewahi kukaa chini na mtoto mmoja, mlango umefungwa, ili ajue tu anaweza nini.

Ofisi yake ilikuwa mwisho wa baraza, chumba kilichokuwa stoo ya chaki na mifagio, na harufu ya vumbi la chaki haikutoka kamwe. Kulikuwa na kabati la chuma ambalo mimi nilishika ufunguo wake, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandaa meza kabla hajafika. Ndani ya kabati zilikaa karatasi za majaribio, vipande vya mti vyenye rangi nyekundu na nyeupe vya kupangwa kwa mfano, na picha za nyumba zenye mabomba ya moshi na watu waliovaa makoti mazito. Watoto waliyaita makoti yale mablanketi ya mikono. Saa ya kuhesabu sekunde aliining’iniza shingoni mwake, na alipoinama ilimgonga kifuani kama msalaba wa mtawa. Siku moja, tukipanga karatasi, nilijipa moyo nikamwuliza mtu asome nini ili afanye kazi kama yake. Hakucheka. Alichukua karatasi safi, akaniandikia orodha kwa mwandiko wake uliosimama wima. Kwao ilikuwa miaka sita ya sekondari, minne ya chuo kikuu, mmoja wa mazoezi, mtihani mbele ya wakubwa, ndipo cheti chenye namba. Kwa mtu kama mimi, mwenye diploma ya ualimu ya miaka minne tu, njia ilikuwepo lakini nyembamba. Chuo kikuu kipya cha Léopoldville kilikuwa kimefungua mwaka wa matayarisho kwa walimu wachache. Walidai barua ya Direkta, cheti cha mwenendo mwema kutoka ofisi ya serikali, cheti cha daktari, attestation, yaani hati, ya mwaka mzima wa mazoezi chini ya mshauri aliyehitimu, na mwombaji asiwe amefikisha miaka ishirini na mitano. Mimi nilikuwa naifikisha Desemba. Maana yake ilikuwa mwaka ule au basi.

“Hiyo attestation ndiyo pekee inayonitegemea mimi,” aliniambia kwa Kifaransa. “Ukifanya kazi vizuri, nitaiandika mwezi wa sita.”

Nilibandika orodha ile ukutani juu ya kitanda changu. Ferdinand aliisoma akiwa anajifuta uso kwa taulo. “Alors, mubaba,” akasema, “wanakuomba kila kitu, wamebakisha tu meno.” Lakini tangu siku ile aliniachia meza jioni, yeye akasahihisha madaftari ya watoto wake kitandani, na hakunikumbusha hata mara moja.

Kanuni ya kwanza niliyofundishwa katika kazi hiyo ilihusu mahali pa kusimama. Mademoiselle alikaa mbele, kwenye meza, macho yake kwenye saa. Mimi nilisimama nyuma ya watoto, mgongo wangu ukigusa ukuta, na kutoka huko nilisoma maagizo kwa sauti, polepole, mara moja tu kwa kila lugha. Alinieleza sababu: uso wa mfasiri husema mambo. Mtoto akikutazama atajua kwenye nyusi zako kama ameelekea sawa, na jaribio linaharibika. Nilikubali. Niliona hiyo ndiyo elimu, kujificha ili kipimo kiwe safi. Kwa majuma mengi niliona visogo tu vya watoto niliowafundisha kila asubuhi, na mpaka leo kuna wengine nawakumbuka zaidi kwa visogo kuliko kwa sura.

Kisogo kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha Bernadette Tokole, msichana wa miaka kumi na minne, mrefu kuliko wenzake wote, mtoto wa familia ya wavuvi walioishi pale kwenye maporomoko ya mto. Alikuwa mtulivu, msafi, mwenye hesabu nzuri ubaoni. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa mwezi wa tano alikuwa wa pili kutoka mwisho. Kwenye avis yake Mademoiselle alikuwa ameandika kwamba mtoto haelewi maagizo, na kwamba ingefaa arudi nyumbani. Nilirudia kuisoma nikiwa nimesimama mbele ya kabati. Kisha nilikwenda darasani nikatoa madaftari yake ya imla. Nilizikumbuka imla zile kwa sababu zilinikasirisha mwaka mzima. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa safi, hata alama za nukta ziko mahali pake, halafu ghafla maneno yanaruka, sentensi zinakatika, mwisho ni upuuzi mtupu. Siku zote niliandika pembeni kwa wino mwekundu, “Angalisho!” Mchana ule ndipo nilipojiuliza mimi hufanya nini baada ya mistari mitatu. Baada ya mistari mitatu niliachana na ubao, nikaanza kutembea kati ya madawati kuelekea nyuma.

Jumapili, baada ya misa, nilichukua daftari lake moja kama kisingizio nikaenda kwao. Watu waliozaliwa karibu na maporomoko hawasikii tena kelele zake, lakini sisi wa Kabondo tukifika pale kichwa kinajaa. Maji yanapiga mawe usiku na mchana, na juu yake imesimama miti mirefu iliyofungwa kwa kamba za msituni, na kwenye miti inaning’inia migono, vile vikapu vikubwa vya kunasia samaki. Papa Tokole, baba yake, alinipokea kwa mikono miwili. Alinikalisha kwenye kiti cha pekee, mama akaleta samaki wa kuchemshwa na pilipili pamoja na ndizi. Nilikula nikiwatazama. Katika nyumba ile hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina kutoka mbali. Waligusana bega, wakageuzana, wakasema uso kwa uso, vinywa vimefunguliwa wazi, mikono ikisaidia. Bernadette alijibu kila neno. Mimi niliyekuwa na masikio mazima nilipoteza nusu ya mazungumzo, na yeye hakupoteza lolote. Halafu baba yake, akiwa amempa mgongo, alimwita alete maji. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake na aliita kwa nguvu. Msichana aliendelea kupangusa sahani. Mama yake alipita akamgusa kiwiko, naye akainuka bila mtu yeyote kushangaa.

“Papa Tokole,” nikauliza, “huyu mutoto anasikiaka muzuri?”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. “Bwana Mwalimu, kwa hapa nani anasikiaka? Maji njo iko inasema peke yake.”

Jumatatu nilimweleza Mademoiselle. Alisikiliza akiwa anajifuta shingo na leso, na ninakumbuka kwamba leso ilikuwa imelowa tayari na ilikuwa bado saa nane. Aliniambia kwamba masikio ni kazi ya daktari, kwamba mimi sina sifa ya kusema jambo hilo na yeye pia hana, na kwamba jaribio likishafanywa halirudiwi mwaka uleule. “Alama ni alama, Monsieur Gaspard. Nikianza kurudia kwa huruma, nitampima tena nani na nitamwacha nani?” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na shule nyingine za kumaliza kabla ya likizo, na daktari wa shule alikuwa amepita mwezi wa kwanza, asingepita tena. Mimi nami, katika miaka yangu ya ofisi, nimewajibu wazazi kwa maneno yaleyale, nikijifuta shingo vilevile. Wakati ule sikulijua hilo. Niliona tu mwanamke aliyekuwa na kalamu na hataki kuitumia.

Alhamisi mchana Mademoiselle alikuwa shule nyingine. Nilimwambia Bernadette abaki kwa zoezi dogo. Nilifungua kabati, nikatoa karatasi mpya, nikakaa mbele yake, magoti yetu karibu yagusane, nikamsomea maagizo yote nikimtazama usoni. Alifanya kazi bila kuinua kichwa ila kungoja neno langu jingine. Macho yake yalikaa kwenye midomo yangu, jambo ambalo darasani, kwa ujinga wa ujana, nilikuwa nimelidhani ni heshima. Nilipomaliza kuhesabu alama alikuwa juu ya watoto wote wa darasa isipokuwa wawili. Nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya kitabu changu cha fizikia. Yeye aliuliza kama anaweza kwenda. Nikasema ndiyo.

Nilimweleza Ferdinand jioni ileile, tukila maharagi. Aliacha kutafuna. “Ulifungula armoire? Bila Mademoiselle kujua?” Nikasema ndiyo. “Bon. Sikia miye. Ile attestation yako, Mademoiselle anatia sinyé mwezi wa sita. Weye funga kinywa. Akisha kutia sinyé, unasema. Mutoto atabaki tu mutoto, hatakimbia.” Nilimwambia kwamba orodha za avis nazo zinatoka siku ileile ya kutia sahihi. “Alors, utasema kesho yake,” akajibu. “Gaspard, weye uko mwalimu ya diploma ndogo. Ukisema leo, mutaanguka wote wawili. Unapenda ile?” Kupitia dirishani sauti ya Mama Feruzi iliingia kutoka jikoni, maana kama sisi tulivyosikia yote ya upande wake, yeye alisikia yote ya upande wetu. “Ferdinand anasema vizuri,” akasema. Kisha, baada ya kukoroga sufuria, akaongeza, “Lakini ule mutoto iko wa nani?” Ferdinand akarudi kwenye maharagi yake.

Nikafunga kinywa. Nilifunga kwa majuma matatu. Nimewaeleza watu wengi habari za mwaka ule, wanafunzi wangu hasa, na kila mara nimeyaruka majuma yale matatu kana kwamba nilitoka penye kabati nikaenda moja kwa moja kukiri. Sivyo ilivyokuwa. Nilikwenda kwa daktari nikapata cheti changu cha afya. Nilisimama foleni ofisi ya serikali mara tatu kwa ajili ya cheti cha mwenendo mwema, na karani alipouliza kama nimewahi kushtakiwa kwa wizi au udanganyifu nilisema hapana, naye akapiga muhuri. Direkta aliniandikia barua nzuri. Karatasi tatu kati ya nne zilikuwa ndani ya bahasha chini ya mto wangu. Kila asubuhi Bernadette alikaa mahali pake, nami nilifundisha nikiangalia upande mwingine wa chumba. Usingizi ulinikimbia, chakula kilinishinda, na Mama Feruzi akaniambia mbele ya majirani kwamba nimekuwa mwembamba kama mtu aliyependa.

Ijumaa moja Papa Tokole alikuja shuleni. Alikuwa amevaa shati lake la misa. Direkta alikuwa amewaambia mapema wazazi wa watoto wale wachache waliokuwa wanarudishwa, ili wajipange, naye alikuja kunishukuru kwa mafundisho na kuniaga kwa niaba ya binti yake. Hakulalamika. “Mademoiselle amepima, ameona akili haiko,” alisema. “Donc, Bernadette atapanda mashua kesho, ataenda kwa dada yangu ku Barumbu. Kule watamufundisha kukausha samaki. Iko kazi muzuri, Bwana Mwalimu. Weye usisikitike.” Aliniona uso wangu umebadilika, akaanza yeye kunituliza mimi. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa kamba, na nilichokihisi hasa, kabla ya huruma na kabla ya aibu, ni kuchoka. Kuchoka na bahasha, na foleni, na kulala juu ya karatasi.

Nilimwomba asiondoke. Nikaenda mwisho wa baraza, nikaingia bila kubisha, nikaweka karatasi ya Bernadette mbele ya Mademoiselle Claes, na ufunguo juu yake.

Aliisoma yote. Aliangalia tarehe. “Majuma matatu,” akasema. Hilo ndilo lililomuudhi kwanza, si kabati. Kisha akaniuliza nilisimama wapi wakati wa kusoma. Nikamwonyesha. Akanituma nimwite mtoto. Mara hii alimpima mwenyewe, kwa majaribio mengine aliyoyatoa kwenye mkoba wake, na mimi nilikaa pembeni ya meza nikimtazama Bernadette usoni na kufasiri. Halafu alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alimwambia mtoto atazame dirisha, akapiga meza kwa kipande cha mti nyuma yake. Bernadette aliendelea kutazama dirisha. Mademoiselle alirudia kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu mtoto aligeuka, akatutazama mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukajifunga.

Avis mpya iliandikwa palepale: hasikii vizuri, ana uwezo wa kuendelea, apelekwe shule ya walimu wa kike. Papa Tokole aliweka alama yake chini, akatoka akiwa hajaelewa ilikuwaje akili ikarudi kwa saa moja. Mashua ya Barumbu iliondoka bila binti yake. Mlango ulipofungwa, Mademoiselle aliniambia nikae.

“Ulikuwa sahihi juu ya mtoto,” alisema. “Na mimi siwezi kukutilia sahihi. Nikisema wewe unafaa kutunza siri za majaribio, wakati nimeona ulivyofungua kabati, basi sahihi yangu haina maana hata kwenye karatasi ya yule msichana. Unaelewa?”

Nilielewa. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilielewa. Nilimchukia kwa miaka kadhaa, kisha chuki ikachakaa. Nimekuwa na wanafunzi wa mazoezi chini yangu, vijana wenye bidii na wenye haraka, na wawili niliwanyima sahihi kwa makosa madogo kuliko langu. Mara zote mbili usiku sikulala, lakini asubuhi sikubadilisha.

Desemba nilifikisha miaka ishirini na mitano, na Ferdinand akanunua chupa mbili za bia tukazinywa. Ile orodha aliibandua yeye mwenyewe ukutani, akaifunga vizuri akaniwekea. Uhuru ulikuja, na machafuko yakaja, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza cheti cha mtu yeyote. Chuo kikuu kilipofunguliwa hapahapa Kisangani nilianza upya, nikikaa na vijana niliokuwa nimewafundisha kusoma. Mara mbili masomo yalikatika. Nilipopewa licence yangu nilikuwa na miaka arobaini na moja, na aliyenikabidhi alikuwa mdogo kuliko mimi. Bernadette naye hakupata nafasi mwaka ule, kwa sababu majuma yangu matatu yalikuwa yameijaza shule ya walimu kwa majina mengine. Alikaa nyumbani mwaka mzima akisuka migono na kaka zake, ndipo akapokelewa. Alifundisha Lubunga, ng’ambo ya mto, mpaka alipostaafu. Nimewahi kukutana naye kivukoni mara kadhaa. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto.

Lakini yote hayo yalikuja baadaye; wakati ule tulikuwa bado mwezi wa sita, na avis zilisomwa mbele ya shule yote, wazazi wamesimama chini ya baraza. Direkta alisoma kila kitu kilichoandikwa, hakuruka neno. Alisoma kwamba Tokole Bernadette hasikii vizuri. Watoto hawakungoja amalize. Wakati wa mapumziko niliwaona wavulana wakimpitia wakiwa wameweka viganja nyuma ya masikio, wakifungua vinywa bila kutoa sauti. Niliwafukuza. Yeye aliingia darasani, akaketi, na nilipoingia nyuma yake hakujua mpaka nilipofika mbele ya dawati. Nilitegemea nini, sijui. Labda ashukuru. Nilikuwa nimempa mwaka wangu.

“Kwa nini uliwaambia?” akauliza. Alikuwa analia bila kubadilisha uso.

Nikamwambia ilikuwa kwa ajili yake, ili asiende Barumbu, ili asome. Nilisema polepole, nikimtazama.

“Nilifichaka tangu darasa ya kwanza,” akasema. “Hata mama hajuaka. Sasa kila mutu anajua. Na ile siku ya Alhamisi, weye ulijua tayari. Haukuniuliza. Uliniambia iko zoezi.”

Nilikuwa nimesoma habari za kumbukumbu na akili na vipande vya mti, nilikuwa nimekusanya karatasi tatu kati ya nne, na kwa mwaka mzima sikuwa nimemwuliza mtoto hata mmoja swali ambalo halikuandikwa kwenye karatasi. Nikavuta benchi la mbele, nikaligeuza, nikakaa. Nikamwuliza yeye alitaka nini.

Alijifuta pua kwa mkono. Alinitazama kana kwamba anapima kama nitasikia.

“Nilikuombaka siku ya kwanza ya shule,” akasema. “Nilikuomba nikae mbele. Ulisema mutu murefu anakaa nyuma.”

Sikukumbuka. Nilijaribu, na hata sasa, kwa uzee wote huu wa kukumbuka yasiyo na faida, sikumbuki. Lakini ni kweli niliwapanga kwa urefu, wafupi mbele, warefu nyuma, na niliona ni mpango mzuri.

Zilikuwa zimebaki siku tisa za shule. Niliinuka nikashika upande mmoja wa dawati lake, yeye akashika upande mwingine, tukalibeba mpaka mbele.